Mjadala: Nyaatha alikuwa mtumishi wa wapagazi au wa jeshi la Mwingereza?

Ndugu zangu, salaam. Naomba hili tulijadili bila matusi, maana linagusa imani za watu na linagusa pia marehemu wetu ambao makaburi yao hatuyajui.

Sista Irene Stefani, tunayemwita Nyaatha, Mwitaliano wa shirika la watawa Wakatoliki la Consolata, alitangazwa Mwenye Heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam ndiye aliyeongoza ibada. Wapo wanaosema tumuenzi Wakenya wote, si Wakatoliki peke yao. Wapo pia wanaouliza: mzungu aliyeshuka Mombasa mwanzoni mwa 1915, akauguza wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ili wapone wakabebe tena mizigo ya jeshi lililowachukua kwa nguvu, tumshukuru kwa lipi?

Mimi nasema tumuenzi. Lakini anayeuliza hivyo simwoni kuwa mkorofi. Ndugu yake babu wa mama yangu alichukuliwa 1917, mwaka ambao serikali ya kikoloni ilisomba vijana vijijini kwa maelfu ili wabebee jeshi la Mwingereza lililokuwa likimfukuza Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kusini mwa Tanganyika. Hakurudi. Nyumbani hatujui alifia wapi. Bibi alikuwa akisema tu, "Alienda Kariakoo," na nikiwa mdogo nilidhani alikwenda sokoni. Kumbe Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zilipata jina kwa hao hao, Carrier Corps, jeshi la wabeba mizigo.

Basi tuanze na hospitali. Sista Irene alihudumu Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Tusidanganyike na neno hospitali. Yalikuwa mabanda, wagonjwa wamelala chini wakiwa wamebanana, na wengi wao hawakuwa na jeraha lolote la risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, na maradhi yaliua kuliko bunduki. Mtu wa kuhara damu hasafishwi mara moja kwa siku. Husafishwa, ukigeuka amechafuka tena, unarudi, usiku na mchana. Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya huyu binti wa Anfo, Italia, akiwa na miaka ishirini na kitu. Anayesema alikuwa akilitengenezea jeshi wabebaji hajawahi kumwosha mgonjwa wa namna hiyo. Wengi wao hawakuwa wa kurudi kubeba kitu chochote tena.

Lakini hoja nzito ya wapinzani iko kwingine, nami nashangaa hawaishiki. Ni ubatizo. Katika mabanda yale Sista Irene alibatiza watu waliokuwa wakikata roho, na masimulizi ya shirika lake yanawataja kwa maelfu. Mtu ana homa, lugha anayosemeshwa si ya mamake, pumzi zinamwishia. Ridhaa yake iko wapi? Mimi ni Mkatoliki, na hapa nashikwa. Najua yeye aliamini kwa moyo wote kwamba anampa mtu huyo kitu kikubwa kuliko dawa. Hata hivyo swali ni la haki, na mapadre wetu wangelijibu waziwazi badala ya kuitaja ile idadi kama ushindi.

Sasa tazameni kisa kimoja kinachosimuliwa kutoka Kilwa. Alikuwa amemwahidi mgonjwa mmoja kwamba atarudi kwake. Aliporudi akaambiwa yule amekwisha kufa, ametolewa na maiti wengine hadi ufukweni, walikoachwa wachukuliwe na maji. Akaenda huko, akaanza kupekua maiti mmoja baada ya mwingine, hadi akamkuta, na bado alikuwa hai. Akamtoa, akambatiza. Mnaweza kubishana nami juu ya maji aliyommwagia kichwani. Juu ya kule kupekua maiti ufukweni akimtafuta mtu mmoja, mimi sina ubishi. Dola nzima ilikuwa inahesabu mizigo, na yeye alikuwa anamtafuta mtu.

Baada ya vita alikaa Gikondi, Nyeri, miaka kumi, akifundisha, akizunguka vilima vile kwa miguu, akiwaandikia barua wazazi wasiojua kusoma ambao watoto wao walikuwa wamehamia mijini. Jina Nyaatha, yaani mama wa huruma, hakupewa na askofu wala DC. Walimpa Wagikuyu wa kule, watu ambao wakati ule walikuwa na sababu nyingi za kutomwamini mzungu yeyote. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1930 akiwa na miaka 39, kwa tauni aliyoipata kwa mwalimu aliyekuwa akimuuguza.

Ombi langu kwa wanaomuenzi ni moja. Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, kuna sanamu za ukumbusho wa vita ile, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi hata kwamba wana watalikumbuka jina la aliyekufa. Jina lenyewe halipo hata moja! Tusifanye vivyo hivyo kanisani. Kila tunapomtaja Nyaatha kwenye ibada ya Oktoba, tuwaombee na wapagazi kwa kuwataja, Waislamu, Wakristo na wa dini za jadi, kila familia ilete jina la mtu wake. Mimi nina la kuleta.

Na ninyi wenzetu wa Kilwa Kivinje na Lindi: wazee wenu wanasemaje? Kuna mahali panapojulikana kuwa walizikwa wapagazi wa vita ile, au ndiyo walikwenda na maji?