Black Forest ya nyumbani: sponji ya mayai au keki ya mafuta? Na krimu ipi?

Ukoko
Wadau wa jiko, naomba mnisaidie kuchagua. Black Forest (keki ya kakao yenye krimu na cheri) ya tabaka tatu, tini ya sentimita 24. Italiwa Jumamosi saa kumi jioni, Dar, sebule haina kiyoyozi. Nimekwama hapa:
– sponji ya mayai, au keki ya kakao ya mafuta na mtindi?
– krimu ya maziwa, au ile ya mimea?
– cheri za chupa, au zile nyekundu za kupambia?
Pombe haitumiki.

BintiTanga
Anza na sharubati (maji matamu ya kulowesha keki), keki itajichagua yenyewe. Sponji ya mayai ni kavu kwa makusudi, ndiyo maana kwao Ujerumani hunyweshwa Kirschwasser, pombe kali ya cheri. Keki ya mafuta inatoka kwenye oveni imeshalowa. Ukiinywesha tena, tabaka la chini linakuwa uji na kipande hakisimami kwenye sahani.

Sponji ya tini yako: mayai 6, sukari gramu 180, unga wa ngano 120, kakao 40, konflawa 20, siagi iliyoyeyushwa 50. Mayai na sukari yapashe juu ya mvuke huku unakoroga mpaka yawe vuguvugu (digrii 40 hadi 45), halafu piga kwa mashine dakika 8 hadi 10. Inua waya za mashine: utepe unaodondoka ukae juu ya povu kama sekunde 5 kabla ya kuzama. Bado unazama hapo hapo? Endelea kupiga.

Panapoharibika zaidi ni kwenye kakao. Ina mafuta yake, na mafuta yanavunja povu la mayai. Chekecha kakao, unga na konflawa pamoja mara tatu, tia kwa mafungu matatu, kata katikati kwa mwiko mpana na ugeuze kutoka chini. Siagi usiimwage moja kwa moja. Ichanganye kwanza na vijiko vitatu vya rojo kwenye bakuli dogo, ndipo uirudishe. Ikiingia peke yake inazama, na chini ya keki utakuta utando mgumu kama raba.

Digrii 175, dakika 30 hadi 35. Usifungue mlango kabla ya dakika 25.

JikoLaMkaa
Dada, hayo ni ya mwenye oveni ya kuaminika. Kwa mkaa juu na chini, au sufuria ya mchanga, sponji ni kamari. Povu halisubiri moto ukolee. Keki ya mafuta inavumilia: unga gramu 240, sukari 320, kakao 75, bekingi soda kijiko cha chai kimoja na nusu, bekingi pauda kimoja, chumvi nusu, mayai 2, mtindi mililita 240, mafuta 120, maji ya moto 240 mwisho kabisa. Gawa kwenye tini mbili za sentimita 20. Rojo ni jepesi kama uji wa mgonjwa, usishtuke ukaongeza unga.

Huna mtindi, tumia maziwa na kijiko kikubwa cha siki. Soda ikikosa uchachu wa kutosha, keki inabaki na ladha ya sabuni.

Mlimani1700
Kwa wa Nairobi watakaofuata vipimo vya JikoLaMkaa: punguza soda na pauda kwa robo, na upandishe oveni digrii 8 hadi 10. Huku juu hewa ni nyepesi, keki inafura haraka kabla haijashika, kisha inabonyea katikati.

Ukoko
Oveni ni ya umeme, basi sponji. Krimu je?

FundiKrimu
Soma pakiti kabla ya kulipa. Krimu ya maziwa inasimama ikiwa na mafuta asilimia 35 au karibu na hapo. Ile ya kupikia yenye 20, utaipiga mpaka kesho.

Kwa ladha, ya maziwa haina mpinzani. Kwa joto la Dar, ikitoka kwenye friji bila kushikizwa inaanza kulegea ndani ya nusu saa. Ya mimea inakaa zaidi na inaumuka sana, ila inaacha utando wa mafuta kwenye kaakaa. Mimi ningegawa: ndani mililita 500 za maziwa, nje mililita 300 za mimea. Ya mimea mara nyingi ina sukari tayari, onja kwanza.

Ya ndani ishikize kwa jelatini gramu 5 (ipo ya ng'ombe yenye alama ya halali). Loweka kwenye maji mililita 25 kwa dakika 10, yeyusha juu ya maji ya moto bila kuchemsha, koroga na vijiko viwili vya krimu, kisha mimina kwenye krimu iliyoanza kushika. Agari usijaribu hapa: inaganda ingali vuguvugu, ikikutana na krimu baridi inakuwa punje punje.

Bakuli na waya viwe baridi. Krimu ikianza kuwa na chembe, simamisha mashine, tia vijiko viwili vitatu vya krimu ambayo haijapigwa, geuza kwa mkono. Ikishatoa maji, hiyo ni siagi, pakaza mkate.

BintiTanga
Cheri: chukua za chupa, zile chachu. Zile nyekundu zimekaa kwenye sukari hadi uchachu umekwisha. Ziweke juu kama pambo. Chuja, chukua maji yake mililita 250, sukari gramu 30, konflawa 25, chemsha dakika moja kamili hadi weupe wa konflawa upotee. Konflawa mbichi inaachia maji usiku. Epua ndipo utie cheri, zisipasuke. Zipoe kabisa.

Sharubati, badala ya pombe: maji ya cheri mililita 120, sukari gramu 40, kijiko cha ndimu, matone mawili ya arki ya lozi. Kirschwasser hukenekwa kwa cheri pamoja na kokwa zake, na kokwa ndizo zenye harufu hiyo ya lozi. Tone la tatu ni dawa ya kikohozi.

Pwani_Pwani
Zambarau haziwezi kushika nafasi ya cheri?

BintiTanga
Rangi ndiyo, lakini zinakausha ulimi, na kutoa kokwa ni kazi ya siku nzima.

FundiKrimu
Ukoko, oka Alhamisi, panga Ijumaa jioni. Sponji iliyolala haivurugiki ukiikata kwa kisu cha mkate. Sharubati: tabaka la chini vijiko vikubwa 3 tu, maana linabeba wenzake, la kati 4, la juu 3. Juu ya tabaka la chini zungushia ukuta wa krimu pembeni, sentimita moja kutoka ukingoni, na mwingine katikati, cheri zijae kati ya kuta. Bila ukuta huo, wekundu utatokeza nje kwenye krimu nyeupe.

Chokoleti ikwangue kwa kisu cha kumenyea karoti, ikiwa ya joto la chumba. Ya friji inavunjika unga. Ipeleke kwenye keki kwa kijiko kilichokaa friza. Vidole vinaiyeyusha kabla haijafika.