MAJIRANI KISIMA CHA MKUYUNI – NZEGA

Mwl. Kabula 06:12
Habari za asubuhi majirani. Nakumbusha tena: Alhamisi tunachota maji ya kupeleka maabara Shinyanga. Cha Mkuyuni, kwa Mama Tatu, na kile cha bondeni chini ya bwawa la topesumu, yale matope yenye kemikali ya mgodi. Mchango elfu tatu kila kaya.

Mwl. Kabula 06:15
Chupa ya kupimia metali ina tone la asidi ndani, MSIISUUZE. Ya bakteria ikae kwenye barafu, ifike ndani ya saa 24. Nani ana deli?

Mama Tatu 07:40
Langu lipo

Masanja Boda 07:41
Lile la sato? Maabara watasema kisima kina samaki 😂😂

Mama Tatu 07:41
Masanja nikikukamata

Baba Shija 07:55
Sato wamekuja na bomba la Ziwa 😂

Mwl. Kabula 08:02
Bomba la Ziwa Victoria liko mjini, sisi tunakunywa kisima. Mgodi ulifungwa 2014, miti imeota juu, basi kila mtu kalala. Tulipima mara moja tu, nayo ilikuwa baada ya masika. Bila kipimo cha kiangazi tunalinganisha na nini?

Mwl. Kabula 08:04
Na kisima cha juu, ng'ambo ya mgodi, nacho kipimwe. Ardhi yetu ya dhahabu, arseniki inaweza kutoka kwenye mwamba wenyewe. Tusije tukamsingizia mtu.

Mwl. Kabula 11:30
Waliochanga: mimi na Mama Tatu. WAWILI. Nawaona mnasoma.

Baba Shija 11:48
Kabla ya mchango mpya, ile ya pampu 2019 iliishia wapi? Nauliza tu

Mwl. Kabula 11:50
Tulisomewa mkutanoni Baba Shija.

Baba Shija 11:51
Kutoka daftari lipi, lile lililoliwa na mchwa?

Mwl. Kabula 11:52
Ujumbe huu umefutwa

Masanja Boda 11:52
Nimeuwahi 🙈

Babu Maganga 13:20
Wanangu. Habari ya pampu naijua, na aliyeila nimemzika mimi. Iacheni. Baba Shija, kisima cha bondeni nilichimba na marehemu baba yako kabla mgodi haujaja. Maji yake yalikuwa na chumvi tangu siku ya kwanza, mkayaandike hayo. Mwalimu achote. Deli utabeba wewe.

Mama Tatu 14:45
Shikamoo babu

Baba Shija 16:03
Shikamoo babu. Nimesikia. Ila Alhamisi ni gulio, nina mbuzi wa kuuza

Mwl. Kabula 16:05
Marahaba ya babu haijafika unaleta mbuzi. Basi Ijumaa alfajiri?

Mama Tatu 16:20
Ijumaa maabara wanapokea za bakteria? Si wanafunga Jumamosi

Mwl. Kabula 16:21
Nawapigia.

Mwl. Kabula 17:10
Hawapokei simu. Nitajaribu kesho.

Mama Neema 22:51
Nimetuma 1,500, nyingine mwisho wa mwezi. Kifuniko cha deli kiko kwangu tangu harusi, kina ufa