Boti yetu na lifti ya kesho

Idi: Assalam alaikum wanafamilia, kesho asubuhi tunapandisha boti kwenye lifti, ile mashine ya kuinyanyua toka majini kwa mikanda, tusugue chini na kupaka rangi. Nani yupo?

Asha: Waalaikum salaam, mi nipo. Ila jamani isiwe kama siku ile, tezi (nyuma ya boti) ikabaki majini, omo (mbele yake) likatazama juu, nilitetemeka mpaka usiku

Mjomba: Siku ile mkanda wa nyuma ulikaa mbele mno na uzito wote wa injini uko nyuma. Idi mwanangu, uzito umeujua?

Idi: Kibao kinasema kilo 1400 na lifti inabeba 1800, nafasi ipo mjomba

Mjomba: Hapo ndo watu wanapoponzeka. 1400 ni boti tupu. Weka injini kilo 200, petroli lita 200 ni kama kilo 150, ushafika 1750, bado nanga na mnyororo, betri, na maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya boti, ambayo kila lita ni kilo nzima

Idi: Duh. Basi mafuta nayatoa nayatia kwenye madumu leo leo na ngama naikausha

Mjomba: Sawa. Na mikanda ikae palipo na mataruma (mbavu za boti) kwa ndani, faiba tupu inabonyea. Mkanda usikalie sensa ya kina, kile kifaa cha kupima kina cha maji. Halafu ufunge kamba toka mkanda wa mbele mpaka wa nyuma, maana omo limechongoka na mkanda wa mbele huteleza wenyewe kwenda mbele boti ikishaning'inia. Ikitoka majini kiganja kimoja tu simamisha, izunguke uitazame, ikiwa imelala upande rudisha chini upange upya

Shangazi: Na mtu asipite chini yake. Watoto nakaa nao mimi

Asha: Mjomba jana nilipitisha mkono kwenye ule mkanda wa kushoto, mshono umefumuka urefu wa kidole. Na ile waya ya winchi, inayovuta mikanda juu, ina vinyuzi vimechomoza, vimenitoboa glavu

Mjomba: Kwa nini hukusema jana?? Basi kesho hainyanyuki. Badilisheni mkanda na waya kwanza

Idi: Lakini fundi rangi nishamwambia

Mjomba: Mwambie wiki ijayo. Waya ikikatika boti inaanguka kwa upande mmoja, mkuku (uti wa chini wa boti) unapasuka, hiyo rangi utaipaka wapi

Idi: Nimekuelewa mjomba, nampigia sasa hivi

Asha: Na ikishapanda kizibo cha chini kitolewe maji ya mvua yapate kutoka, tusisahau

Mjomba: Ahsante mwanangu. Mvua ya sentimita 10 kwenye boti yenye sakafu ya mita za mraba 10 ni kilo 1000 za maji, lifti gani itastahimili

Idi: Kizibo nitakifunga pamoja na ufunguo wa injini, ili siku ya kushusha nisiweze kuwasha bila kukishika

Shangazi: Hapo umenifurahisha. Fundi amesemaje?

Idi: Jumamosi ya wiki ijayo, amekubali