Naomba ushauri: mfumo wa simu wa kuwaunganisha wanaolala nje Mwanza na huduma za bure

Ziwa_Kuu (mleta mada):
Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni kijana wa Mwanza, naandika programu za kompyuta. Jumamosi usiku huwa naungana na vijana wa kanisani kwetu kupeleka chakula kwa wanaolala nje, kuanzia Makoroboi hadi maeneo ya soko kuu. Wapo watoto, wapo mabinti wenye vichanga, wapo na wazee ambao hakuna anayewaulizia.

Kinachoniumiza ni kwamba huduma zipo, nyingine hazina malipo kabisa, ila hazikutani na wenye shida. Kwa sera yetu mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Dawa za kifua kikuu ni bure, ARV ni bure. Namba 116 ya huduma kwa mtoto haikati salio. Kuna vituo mtoto anaoga, anafua na kula mchana, na vingine vinamtafutia ndugu zake mpaka anarudi nyumbani. Lakini muulize binti aliyebeba kichanga kinachokohoa, atakwambia hospitali ni ya wenye hela.

Nimeanza kutengeneza programu ya simu janja. Unafungua ramani, unachagua chakula, malazi, matibabu au msaada wa kisheria, inakuonyesha palipo karibu. Kabla sijafika mbali naomba mniambie: niendelee nayo, au nije na menyu ya kubonyeza namba kama ile ya kutuma pesa? Orodha ya huduma nani aitunze? Na taarifa za watu hawa nizilinde vipi? Wenye uzoefu karibuni, hata kama ni kunikosoa.

FundiSimu_Ilemela:
Hongera mkuu kwa moyo huo. Hiyo ya simu janja iweke pembeni kwanza. Mwenye simu pale mara nyingi ana kiswaswadu, na bando hana.

Menyu ya USSD, yaani hiyo ya kubonyeza namba, inafunguka kwenye simu yoyote, haihitaji intaneti, na haiachi meseji kwenye simu. Kwa mwanamke aliyekimbia kipigo hilo ni jambo kubwa sana. Ila jipange kwa gharama. Namba unaiombea TCRA, mamlaka ya mawasiliano, halafu unakubaliana na kila kampuni ya simu, na ukitaka mtumiaji asikatwe basi bili inakuja kwako. Skrini moja haizidi herufi 182, na mtu akichelewa kujibu inakatika.

Kwa kuanzia mimi ningetumia kubipu. Mtu anabipu, mfumo unampigia, sauti inamweleza kwa Kiswahili au Kisukuma abonyeze moja kwa chakula, mbili kwa matibabu. Asiyejua kusoma naye anahudumiwa, na salio lake haliguswi.

Nilipitia_Huko:
Nimelala nje nikiwa mdogo, hapo hapo mjini kwetu. Leo nina familia na kazi, kwa hiyo naomba mnisikilize kwa makini.

Simu haikai mtaani. Ukilala inaibwa, ukiwa na njaa unaiuza, wakubwa wakiiona wanakunyang'anya. Na hata ikibaki, laini ni ya nani? Tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hicho ni cha aliyefikisha miaka 18. Mtoto anasajiliwa kupitia mzazi au mlezi. Sasa huyo mzazi au mlezi mara nyingi ndiye mtoto aliyemkimbia.

Ila kila mtoto wa mtaani ana mtu mzima mmoja anayemwamini. Mama ntilie anayempa ukoko, dereva bodaboda, kijana wa kibanda cha kuchajia simu. Wangu mimi alikuwa mlinzi wa duka, akinitunzia viatu vyangu mchana ili visichukuliwe. Mlinzi yule alikuwa na simu, alikuwa na laini, na alinijua kwa jina. Alichokosa ni mtu wa kumpigia usiku ninapoumwa. Mfumo wako mtengenezee yeye.

Ziwa_Kuu:
Kaka, hapa umenibadilishia kila kitu. Nilikuwa nawaza simu ya mtoto muda wote. Swali: mlinzi akipiga, mtoto hataona amesalitiwa?

Nilipitia_Huko:
Ataona hivyo kama wanaokuja ni wageni, tena wamekuja na gari. Mlinzi amwambie kwanza, mtoto akubali, ndipo apige. Akikataa leo aachwe, aulizwe tena wiki ijayo. Isipokuwa kama anatoka damu au anafanyiwa ukatili, hapo hakuna kusubiri.

Mama_Leicester:
Huku Uingereza kuna kitu kinachofanana na hilo la mlinzi. Kinaitwa StreetLink, kipo tangu 2012. Mpita njia akimwona mtu amelala nje anaandika mtandaoni mahali penyewe, saa, na alama za kumtambulisha, kisha taarifa inafika kwa timu ya eneo lile inayotembelea watu usiku. Ukisema anaonekana yuko chini ya miaka 18 wanakuelekeza kwa polisi.

Msisitizo wangu uko kwenye hiyo timu. Pasipokuwa na watu wa kutoka kwenda kumtafuta, taarifa zitajaa kwenye kompyuta yako na mtu ataendelea kulala kwenye baridi. Kabla ya kuandika programu, hakikisha yupo atakayevaa koti na kwenda.

Kengele_Melb:
Naongezea kutoka Australia. Hapa kuna tovuti ya Ask Izzy, ilizinduliwa 2016 na shirika la Infoxchange. Haikuulizi jina wala haikusajili. Inauliza uko wapi na unahitaji nini, basi. Mwenye laini ya Telstra, kampuni ya simu ya huku, haliwi bando akiifungua. Nguvu yake ni kwamba shirika hilo tayari lilikuwa na orodha kubwa ya huduma na watu wanaoajiriwa kuihakiki. Mtu asiye na nauli ukimwelekeza kwenye kituo kilichohama, hatakuamini tena, na hatamwamini atakayekuja baada yako.

Afisa_wa_Kata:
Mimi ni afisa ustawi wa jamii, mkoa siutaji. Kijana, nakuunga mkono, ila nina mambo mazito ya kukueleza.

Orodha yako isiingize kituo chochote ambacho hukijathibitisha na ofisi ya ustawi ya halmashauri. Makao ya watoto yanahitaji leseni. Wapo watu wanaokodi nyumba, wanaandika kibao, wanakusanya watoto kwa ajili ya picha za wafadhili, na wapo wabaya kuliko hao. Mfumo wa bure unaoelekeza watoto ni kitu ambacho mtu wa namna hiyo atakitamani sana. Nyumba salama za wanawake na watoto usiziweke kwenye ramani kabisa; mpigaji apitishwe kwa mtu, na mtu huyo ndiye ajue pa kumpeleka.

Pili, usitupite sisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwananchi yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Mlinzi akipiga anatimiza wajibu wa kisheria, mweleze hivyo ili asiogope. Kesi za watoto ziende 116, usianzishe namba ya kushindana nayo.

Tatu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inakuhusu wewe pia. Picha usipige. Jina usilihifadhi kama halina kazi.

Mkaazi_Nairobi:
Ndugu yangu, hilo la majina lisikize sana. Hapa Kenya hesabu ya familia za mitaani ya mwaka wa 2018 ilipata watu 46,639. Ila ukienda mtaani na kitabu na kalamu, wa kwanza kukuona anapiga mbinja na wote wanatoweka, wanadhani ni msako. Usiulize jina siku ya kwanza. Uliza amekula nini.

Sista_Nesi:
Naomba niseme la upande wa hospitali, maana ndipo safari nyingi zinapofia. Huduma kuwa bure ni jambo moja, kupokelewa ni jambo lingine. Binti anafika dirishani hana kadi, mchafu, mtoto analia, anaulizwa mlezi wako nani. Anageuka. Hakuna aliyemfukuza kwa mdomo, lakini harudi.

Kwa hiyo mfumo usiishie kutoa anwani. Utume meseji kwa mtumishi mmoja pale kituoni aliyekubali kazi hiyo: "Anakuja mama na mtoto wa miezi minane, kikohozi, saa tatu." Mtumishi huyo ampokee mlangoni na kumfikisha ustawi wa jamii wa hospitali kwa ajili ya msamaha wa malipo.

Halafu vyeti vya kuzaliwa. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, walianza Mbeya mwaka 2013 kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo kwenye zahanati na ofisi za kata, taarifa zikitumwa kwa simu za kawaida, na mpango ukasambaa mikoa mingine pamoja na Mwanza. Kichanga kikija kwa kikohozi, kiondoke na maelekezo ya cheti.

Ziwa_Kuu:
Wakuu, nimenakili yote. Programu ya simu janja naisimamisha. Naanza na namba ya kubipu kwa walinzi, mama ntilie na bodaboda wa eneo moja tu. Orodha napeleka ustawi kwanza, kila huduma itakuwa na tarehe ya mwisho kuhakikiwa, na ikipita mwezi bila mtu kuthibitisha, mfumo hautaitaja. Watoto wote 116 na ustawi. Sista, nitakutafuta kwa ujumbe binafsi kuhusu mtumishi wa kupokea.

Kilichobaki ni timu ya kutoka usiku. Vijana wa kanisani wapo Jumamosi tu.

Nilipitia_Huko:
Jumatano naweza mimi. Tuanze kwa kuzungukia walinzi tuwafahamu kabla hujawapa namba yoyote, na tufike saa kumi na mbili jioni wanapopokezana zamu, ili wa mchana na wa usiku tuwakute pamoja.