Mbwa wako aliwahi kuzidiwa baada ya chanjo? Tupeane uzoefu

Wakuu, juzi nilimpeleka Popi, miezi minne, akachomwa ya kichaa na ile ya mchanganyiko (parvo na distempa) siku hiyohiyo. Nikalipa, tukapanda boda. Njiani akaanza kujikuna mdomo. Kufika getini uso umevimba kama kaumwa na nyuki, macho yamebaki vijistari. Tukageuza palepale. Daktari akamchoma sindano ya mzio, akatuzuia hadi saa moja usiku, uvimbe ukashuka. Kisha akanigombeza: kwa nini hukusubiri nusu saa? Sasa si angesema mapema!

Nyie yamewakuta yapi?

Mama Bosco: Wangu alishinda amelala, chakula hataki, mguu wa sindano haguswi. Kesho yake mchana yuko mbio na kuku wa jirani. Hiyo kawaida, siku moja au mbili. Ikizidi hapo rudi kwa daktari.

Mfugaji Mstaafu: Mimi niliona kubwa zaidi. Daktari alikuja nyumbani, akamchoma jike langu, tukakaa kupiga soga. Hata dakika kumi hazijaisha, mbwa katapika, kaharisha, miguu imelegea. Daktari akamfunua mdomo: fizi nyeupe pe! Akachomoa adrenalini kwenye begi, akamchoma. Angekuwa ameshaondoka, ningezika. Tangu siku hiyo, kabla sijamwita daktari yeyote nauliza kwanza: adrenalini unayo? Akijiumauma naita mwingine. Na jizoezeni kuziangalia fizi za mbwa wenu wakiwa wazima, ili siku zikibadilika mjue.

Chalii wa Mtaa: Wangu alipata homa, nikampa nusu panadol, fresh tu.

Mfugaji Mstaafu: Uliponea chupuchupu, kijana. Panadol ya kukadiria inaweza kumharibu mbwa ini na damu. Diklofenaki na ibuprofeni ndiyo usithubutu, tumbo linachubuka hadi kutoka damu.

Bibi Kuku: Mwenye kinundu pale alipochomwa asihangaike sana. Cha wangu nilikuwa nakipima kwa kizibo cha soda, wiki ya tatu kikaisha. Kingekua ningempeleka.

Mwenye uzi: Asanteni. Sasa mwakani nimwache bila chanjo?

Mama Bosco: Weee! Kichaa dalili zikishaanza hakuna dawa, awe mbwa awe mtu. Mwambie daktari yaliyotokea kabla hajafungua chupa. Wa dada yangu, kadogo kama Popi, siku hizi anachomwa moja, nyingine baada ya wiki tatu, na dawa ya mzio anapewa kwanza. Vimbwa vidogo vikipigwa sindano nyingi kwa mpigo ndivyo vinavyosumbuka zaidi. Hakikisha pia jina la chanjo na namba ya toleo vimeandikwa kwenye kadi yake.

Mwenye uzi: Nimeifungua kadi sasa hivi. Kuna tarehe na mhuri tu. Kesho asubuhi narudi pale. Popi yuko chini ya meza anamalizia dagaa.