Nimeona Halálos tavasz (1939). Huyu Karády Katalin ni nani, na niendelee na picha ipi?

Mpenda_Picha aliuliza:

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi ni mgonjwa wa picha za zamani, zile nyeusi na nyeupe. Za Hollywood nimezimaliza, za Kifaransa nazo zimeanza kunikinai, ndipo nikaangukia Halálos tavasz ya Hungaria, iliyoongozwa na Kalmár László kutoka riwaya ya Zilahy Lajos.

Hadithi yenyewe haina kona nyingi. Kijana mtanashati, Iván, anampenda Edit. Edit anamchezea, leo joto kesho baridi, mpaka kijana anajimaliza. Steringi anakufa! Nimezoea steringi akipigwa risasi sita anainuka na kujipangusa vumbi, huyu anakufa kwa mkono wake mwenyewe. Lakini sijaja kuwasimulia picha. Nimekuja kwa ajili ya huyo anayecheza Edit. Karibu hafanyi kitu. Anasimama, anainua jicho, anageuza shingo taratibu, na mimi huku nimebana pumzi. Akiimba ndiyo kabisa: sauti nzito, ya chini, nusu anaimba nusu anaongea, kana kwamba hajali kama kuna mtu anasikiliza.

Nikatafuta orodha ya kazi zake. Picha zimejazana kati ya 1940 na 1944, kisha baada ya vita kidogo mno, kisha kimya. Jávor Pál aliyecheza Iván naye anapotea miaka hiyohiyo. Walikufa vitani? Na jambo jingine linanisumbua: nchi iko upande wa Hitler, dunia inaungua, hawa wanatengeneza picha za mapenzi. Walikuwa wanaficha kitu, au ndivyo watazamaji walivyotaka?

Mwisho, naombeni ya kuendelea nayo. Sitaki orodha ndefu, nitajieni moja au mbili zenye uzito.

Babu_Projekta alijibu:

Mkuu, hawakufa vitani, ila waliponea chupuchupu. Kaa vizuri.

Karády alizaliwa 1910 Kőbánya, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani pale Budapest. Jina lake la kuzaliwa ni Kanczler, baba yake fundi viatu. Huyo ndiye unayemwona akivaa manyoya na kutazama wanaume kama vile wote wamemchelewesha. Mwandishi wa habari Egyed Zoltán alimshika mkono, akamtengenezea jina na sura, na picha ya kwanza tu ikamfanya staa wa nchi nzima. Wanawake wakaanza kutengeneza nywele kama zake. Akacheza takriban picha ishirini, nyingi zikiwa zimepigwa haraka haraka, na nikuambie ukweli: zaidi ya nusu hazina maana yoyote bila yeye. Ukimtoa Karády ndani ya Machita, ile aliyocheza jasusi, unabaki na samani.

Sasa angalia mchezo ulivyogeuka. Mchumba wake alikuwa Ujszászy István, jenerali wa ujasusi wa Hungaria. Tarehe 19 Machi 1944 Wajerumani wakaikalia nchi iliyokuwa rafiki yao, kwa sababu waliona serikali inatafuta mlango wa kutokea vitani. Mwezi uliofuata Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakamkamata Karády kwa tuhuma za ujasusi. Jasusi wa kwenye picha akageuzwa jasusi wa kweli! Walimtesa vibaya, akakaa kizuizini miezi mitatu hivi, akatoka amevunjika mwili. Wengi wangejifungia ndani baada ya hapo. Yeye, majira ya baridi, wakati Msalaba wa Mishale, chama cha wafashisti wa Hungaria, kilipokuwa kinawapeleka Wayahudi kingo za mto Danube na kuwapiga risasi, alitoa dhahabu na vito vyake kuwakomboa watoto waliokuwa wamepangwa pale, akawaficha nyumbani kwake. Mwaka 2004 Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, ikamtunuku heshima inayotolewa kwa wasio Wayahudi waliookoa Wayahudi.

Baada ya vita wakomunisti hawakujua wamfanyie nini. Kwao alikuwa uso wa zama zilizopita. Akacheza Forró mezők, hiyo ndiyo ya mwisho. Mwaka 1951 akaondoka nchini, akafika São Paulo, kisha New York, akawa anatengeneza na kuuza kofia. Alipofikisha miaka 70 walimwalika nyumbani kwa sherehe. Hakwenda. Akatuma kofia. Alifariki 1990, na mwili wake ndio uliorudi Budapest, kaburi lake lipo Farkasrét.

Jávor naye. Mke wake, Landesmann Olga, alikuwa wa familia ya Kiyahudi, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kumeza maneno. Msalaba wa Mishale walipochukua nchi Oktoba 1944, akakamatwa na kutupwa gereza la Sopronkőhida, karibu na mpaka wa Austria. Alipona. Akaenda Marekani 1946, na huko yule mwanaume aliyekuwa akisimamisha Budapest nzima akawa Paul Javor, mtu wa nafasi ndogo ndogo. Ukiitazama The Great Caruso ya 1951 utamwona, ila usipokuwa makini atakupita. Alirudi kwao 1957, akafa 1959.

Kuhusu swali lako la mapenzi wakati dunia inaungua. Watu husema "propaganda" wakamaliza. Mimi naona jibu liko kwenye orodha ya waigizaji kuliko kwenye hadithi. Tafuta Hyppolit, a lakáj ya 1931, mwongozaji Székely István. Ni vichekesho, lakini itazame kwa sababu yangu mimi. Humo yumo Kabos Gyula, yule mfupi mwenye wasiwasi usokoni, yumo Csortos Gyula, na Jávor akiwa kijana. Ukimaliza, weka picha yoyote ya 1942. Mtafute Kabos. Hayupo. Alikuwa Myahudi. Sheria ya 1938 iliwawekea Wayahudi kikomo cha asilimia ishirini katika fani hizi, ya 1939 ikashusha hadi sita, na bila kadi ya Chama cha Wasanii wa Tamthilia na Filamu, ile Kamara, hukuruhusiwa kusimama mbele ya kamera. Kabos akaondoka kwenda Marekani 1939, akafia New York 1941. Székely alishatangulia. Walioshindwa kuondoka walicheza kwenye ukumbi wa Goldmark, chini ya chama cha utamaduni cha Kiyahudi OMIKE, mbele ya watazamaji wao wenyewe tu. Waandishi wengine waliendelea kuandika miswada ya filamu nyuma ya jina la mtu mwingine, kwa hiyo huenda mazungumzo yanayokuchekesha kwenye picha ya 1941 yaliandikwa na mtu ambaye jina lake halikuruhusiwa ukutani.

Na biashara ilikuwa inashamiri, hilo ndilo linaloudhi. Hungaria ilipoingia vitani dhidi ya Marekani Desemba 1941, picha za Hollywood zikakatika. Mipaka ilikuwa imepanuliwa kwa msaada wa Hitler, hivyo majumba ya sinema yakaongezeka. Studio ya Hunnia kule Zugló haikuzima taa. Mtu anayesubiri barua ya mwanawe aliyepelekwa kupigana mto Don, kule Urusi, hataki kutazama mizinga. Anataka kumwona Karády akimwacha mwanaume.

Ya kuendelea nayo: Valamit visz a víz, wameiongoza Zilahy mwenyewe na Oláh Gusztáv, mtu wa jukwaa la opera. Karády na Jávor tena. Mvuvi anaishi na mkewe kando ya mto, siku moja wanamwopoa mwanamke majini, hajulikani katoka wapi. Anaitwa Anada. Basi nyumba haikai sawa tena. Miaka mingi baadaye Ján Kadár aliirudia hadithi hiyo, lakini anza na hii.

Sauti_ya_Reli alijibu:

Babu, shikamoo. Historia umeitoa vizuri, ila kwenye kuchagua picha umemkosea mgeni. Ametaka uzito, wewe bado unampeleka kwa Karády. Mashabiki wa Karády mko hivyo siku zote.

Mpenda_Picha, tafuta Emberek a havason ya 1942, mwongozaji Szőts István. Ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya huyo bwana, na ilipata tuzo kwenye tamasha la Venice mwaka huohuo. Hakuna manyoya, hakuna klabu ya usiku. Kuna wakata miti wa Kiszekely, jamii ya Wahungaria wa milimani Transylvania, theluji halisi, miti halisi inaanguka. Wenzake walikuwa ndani ya Hunnia wanapaka rangi makaratasi yafanane na mlima, yeye akabeba kamera akaenda mlimani.

Gergely, anayechezwa na Görbe János, ana mke, Anna, na mtoto mdogo. Kampuni ya mbao inakuja na kila kitu kinaharibika, sitakumalizia utamu. Nitakupa kipande kimoja tu. Anna anaumwa, mumewe anampeleka mjini kwa matibabu, anafia huko. Kusafirisha maiti kwa treni kuna gharama ambayo mkata miti hana. Basi anamketisha pembeni yake ndani ya behewa, miongoni mwa abiria, kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Szőts hapigi muziki wa kulia hapo. Unamtazama Görbe anavyokaa: mgongo wima mno, macho yake hayatulii popote, mkono wake uko tayari kumzuia Anna asiegemee mbele. Mwigizaji mwingine wa wakati ule angelia machozi mpaka shati lilowe. Huyu ana kazi ya kufanya, hana nafasi ya kulia. Alice Szellay, yule Anna, naye anacheza kama mtu aliyezaliwa kulekule milimani.

Wataalamu wengi wanaitaja pamoja na picha za Kiitaliano za baada ya vita, zile za mitaani na za watu wa kawaida. Mimi naona inafanana nazo katika nyuso tu, kwa sababu ndani yake kuna imani ya Kikatoliki na hadithi za msituni ambazo Waitaliano wale hawakuwa na hamu nazo.

Bintiye_Mshairi alijibu:

Nawasoma kwa furaha, lakini mbona mnaruka shimo? Hiyo Emberek a havason imetoka kwenye hadithi za Nyírő József, ambaye baadaye alikaa bungeni chini ya Msalaba wa Mishale na kuikimbia nchi pamoja nao. Na wale waliofaidika na nafasi ya Kabos je? Páger Antal alikuwa mwigizaji mkubwa kweli, na ndiye steringi wa Őrségváltás ya 1942, picha ya kuhalalisha Wayahudi kuondolewa kazini kiwandani. Babu, huyo hujamgusa hata kwa kidole. Nimuweke kundi gani?

Babu_Projekta alijibu:

Sauti_ya_Reli, marahaba. Nakubali behewa, sikubali matusi kwa Karády.

Binti, umeuliza sawasawa. Páger alikimbia, akaishi Argentina, kama mwigizaji mwenzake Szeleczky Zita. Mwaka 1956 serikali ya kikomunisti ikamruhusu arudi, na akacheza. Mwaka 1964 alishinda tuzo ya mwigizaji bora Cannes kwa Pacsirta ya Ranódy László, akiwa baba wa binti asiyepata mchumba. Nimeitazama nikiwa na hasira naye, na bado akanishinda. Pale anapomtazama binti yake na kujilazimisha kutabasamu, hakuna namna ya kusema hajui kazi. Sasa mimi sina kundi la kumweka. Kipaji alikuwa nacho 1942 na 1964, vyote viwili, na kipaji hicho ndicho kilichofanya Őrségváltás iwe hatari. Mwigizaji mbovu angeiharibu propaganda ile, ikawa heri kwa kila mtu. Mwenzake Kiss Ferenc, aliyekuwa rais wa hiyo Kamara, alifungwa baada ya vita, na sina la kumtetea.

Muráti Lili ndiye mwenye hadithi ya ajabu kuliko wote. Staa mkubwa wa miaka ya vita, akaishia Uhispania. Waliokuja kupiga Doctor Zhivago huko walimpa kipande kidogo tu: mwanamke anayekimbilia treni ikiwa inatembea, anavutwa ndani. Mamilioni wamemwona, wachache wanamjua.

Mpenda_Picha alijibu:

Wakuu, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Zhivago nimeiona mara nyingi na yule mama wa treni namkumbuka! Sikujua.

Nimeamua naanza na Hyppolit kwa ajili ya Kabos, kisha Emberek a havason, ya Anada itafuata. Babu usininunie. Swali la mwisho: nikitafuta naona majina yamegeuzwa geuzwa, mara Katalin Karády, mara Karády Katalin. Huwa mnaandikaje mpate nakala nzuri?

Sauti_ya_Reli alijibu:

Wahungaria wanatanguliza jina la ukoo. Andika Szőts István, Karády Katalin, na alama zote juu ya herufi, utapata nakala za kwao, zikiwemo zilizosafishwa na hifadhi yao ya filamu. Ukiandika kwa mtindo wa Kimarekani unaletewa vipande vilivyokatwa katikati ya wimbo. Ya Szőts usikubali nakala yenye giza, theluji lazima ionekane.

Babu_Projekta alijibu:

Na ukishaona ya Szőts, kuna Ének a búzamezőkről aliyoipiga 1947. Ile ilizuiwa. Fungua uzi mwingine tukagombane huko.