Miche ya nyanya: ninunue ya trei au nisie mwenyewe?

Kijana Bonde: Wakuu, habari za mihangaiko. Nataka kuwahi nyanya mwaka huu. Kuna jamaa ana miche ya chotara tayari, shilingi 120 mmoja. Rafiki yangu anasema ninunue mbegu nisie mwenyewe. Kipi bora? Na shambani niihamishie lini? Jamaa anataka hela Jumamosi.

Mama Tausi: Shamba liko wapi? Heka ngapi? Maji unayo? Mbegu gani? Mdogo wangu, umetuachia bei tu.

Kijana Bonde: Samahani dada. Mafinga, huku Iringa kwenye baridi, nusu heka, bondeni karibu na mto, pampu ninayo. Mbegu hakutaja, kasema "chotara nzuri".

Mkulima Ilula: "Chotara nzuri" ndiyo jina la mbegu? Akuonyeshe pakiti. Mimi ni mbegu ya Tanya tu, nasia kwenye tuta, wiki ya nne nahamisha. Nusu heka kwa sm 60 kwa 50 inakula miche kama 6,700. Piga mara 120: laki nane, hujanunua hata mbolea.

Trei Tu: Mche wa tuta ukiung'oa, mizizi nusu inabaki chini, wiki nzima umelala. Wa trei unatoka na donge lake la udongo. Na Tanya yako ugonjwa wa ukungu ukiingia utaimba.

Mkulima Ilula: Ukungu hauulizi pakiti, mkuu. Piga dawa mapema.

Mzee wa Kitalu: Mnagombania mbegu wakati kijana kasema MAFINGA, tena BONDENI, na huu ni mwezi wa sita! Mwaka juzi nilinunua miche 2,000, mirefu, myembamba, imelelewa kivulini. Mingine ilishatoa maua, nikaona nimelamba dume. Nikaipanda siku ileile, saa saba mchana. Ikalegea, nikamwagilia, ikaanza kuinuka. Usiku wa tatu mbingu nyeupe, hakuna upepo. Asubuhi nakuta umande umeganda juu ya majani, unang'aa kama chumvi. Jua lilipopanda, shamba zima jeusi, majani yameteketa kama mchicha uliochemshwa. Jirani yangu kalima juu kidogo mlimani, hakupoteza hata mmoja. Baridi inashuka bondeni kama maji. Wewe subiri mwisho wa Agosti.

Mama Tausi: Pole sana baba. Kijana, usichukue mche wenye maua. Tafuta mfupi, shina kama penseli, majani halisi manne au matano. Ukiufikisha nyumbani usikimbilie shamba: wiki moja punguza maji, uzoeshe jua kidogo kidogo, kisha panda jioni.

Mkulima Ilula: Mkisubiri Agosti wote, sokoni mtakutana wote. Anayewahi ndiye anayeiona hela.

Mzee wa Kitalu: Na anayewahi bondeni anaona majivu.

Dalali Mstaafu: Hela gani, tenga lenyewe linajazwa lumbesa na mkulima analipwa tenga moja?

Trei Tu: Dalali leo unatutetea? 😂

Dalali Mstaafu: Nimestaafu, mkuu. Kule Mafinga bado wanajaza mpaka juu au wameacha?

Kijana Bonde: Nimempigia. Miche ina wiki saba, anashusha hadi 80. Nikichukua nikaiweka kibarazani mpaka Agosti?

Mama Tausi: Wiki SABA?

Mkulima Ilula: Wameacha wapi, juzi tu nimejaziwa.